Barua Aliyoichana Judy

Mdogo wangu,

Jina lako silitaji, na sababu unaijua. Jumamosi ile tulipokuwa tunaangalia filamu ya Vertigo ulilala katikati, au ulijifanya umelala. Basi nakusimulia kilichobaki. Wengine wasioiona wanisamehe, ila filamu ya mwaka 1958 haina tena haki ya kutunziwa siri.

Mwanzo unaukumbuka. Scottie ameacha upelelezi katika polisi ya San Francisco kwa sababu akiwa mahali pa juu anashikwa na kizunguzungu. Rafiki yake wa zamani, Elster, anamwomba amfuatilie mkewe, Madeleine, ambaye eti anaingiliwa na mzuka wa Carlotta Valdes, mama wa bibi yake, aliyejiua akiwa na miaka 26. Hapo ulicheka, ukasema shangazi angekuwa ameshaita mganga. Scottie hakuita mtu, akampenda. Siku moja mwanamke akakimbilia mnara wa kanisa la San Juan Bautista. Scottie akakwama ngazini kwa kizunguzungu, akaona mwili unapita dirishani kwenda chini.

Wewe uliishia hapo. Scottie anaugua akili, anatoka hospitali, na barabarani anakutana na Judy, muuzaji wa dukani, mzaliwa wa Salina, Kansas. Sura ile ile. Ni yeye! Alikuwa hawara wa Elster, akaigiza umadeleine. Aliyerushwa na Elster kutoka mnarani ni mke halisi, ambaye Scottie hakuwahi hata kumsalimia.

Judy anakaa mezani, anamwandikia Scottie barua, anaeleza yote: mauaji, uongo, na kwamba mapenzi peke yake hayakuwa ya kuigiza. Anamaliza. Anaichana.

Riwaya ya Kifaransa ambayo filamu ilitokana nayo inaficha siri hiyo hadi mwishoni. Hitchcock, mwongozaji wa filamu, aliitoa mapema, na kwa maoni yangu ndipo filamu ilipopatia uhai. Kuanzia hapo huulizi tena nani kaua. Unamtazama mwanamke anayependwa kwa jina la mwingine, naye anakubali. Ananunuliwa suti ya kijivu kama ya Madeleine. Nywele zinatiwa rangi ya dhahabu. Bado Scottie haridhiki mpaka zifungwe kisogoni vile vile. Inatia uchungu kutazama.

Watu humwita Scottie kichaa, na ni kweli anampenda mtu ambaye hakuwahi kuwepo. Lakini aliyejua kwamba hakuwepo ni Judy. Kila siku alikuwa na mdomo wa kusema, na kila siku aliona bora avae suti.

Kilichomfichua Judy hakikuwa polisi. Jioni moja, wanajiandaa kwenda kula, akavaa mkufu wa Carlotta, uliobaki naye tangu alipoigiza umadeleine. Akasahau tu. Scottie akauona kwenye kioo, akampeleka mnarani kwa nguvu, na ukweli ukatoka huko juu, kwa kufokewa. Judy akashtushwa na kivuli cha mtawa aliyepanda kuangalia, akaanguka.

Sasa wewe. Barua ya posa imejibiwa, mahari imefika nusu. Mwenzio mbele ya wajomba anakusifu kuwa amepata binti asiye na mambo nyuma yake, na wewe unainamisha macho, unatabasamu. Uliniambia utamwambia baada ya harusi. Hakuna aliyeuawa, najua, na kuzaa si kosa; sisi wenyewe nyumbani ndio tuliomfundisha mtoto akuite dada, tukidhani tunakusitiri. Mimi pia nilikuwemo, na hilo sijawahi kukuomba radhi.

Lakini mkufu wako, mdogo wangu, una miaka sita na kidevu chako. Huo hauwezi kuufungia kabatini.

Huenda akaondoka. Siwezi kukudanganya kwamba atabaki, maana simjui kiasi hicho. Ila mwache aondoke akiwa anakujua wewe, au abaki akiwa anakujua wewe. Huyu anayemsifu sasa ni suti ya kijivu.

Jana mtoto kanipigia kwa simu ya mama. Anauliza siku ya harusi atashika maua au atakaa na bibi. Nikamwambia akuulize mwenyewe. Akasema ameshakuuliza mara mbili, na umemwambia utamjibu.

Dada yako