Mtoto wa nyoka: barua ya wazi kwa Bwana Chifu

Bwana Chifu,

Salamu. Mimi ni yule mwalimu mstaafu wa upande wa mtoni. Alhamisi nilikuwa barazani, nikamwona nyanya akitoa fomu ya basari ya mjukuu wake ndani ya pakiti ya unga alimoihifadhi isiloe. Ulisoma jina, ukaisukuma fomu pembeni na kuurudisha muhuri kwenye droo. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," ukasema. Watu wakacheka. Baba yuko jela, babu alipika chang'aa, basi kijana wa kidato cha tatu naye keshahukumiwa.

Mimi sikucheka. Maneno hayo nimewahi kuyasoma, yameandikwa na watu wenye digrii.

Mwaka 1933, hapo Nairobi, walowezi na madaktari waliunda chama cha yujeniki, ile elimu ya kuamua nani azae na nani asizae ili kizazi "kiboreke". Kinara wao alikuwa H. L. Gordon, daktari wa Mathari, hospitali hiyo hiyo tunayoipita tukielekea Thika. Mwenzake, F. W. Vint, alipima ubongo wa Waafrika waliokufa, na mwaka 1934 akachapisha kwamba ni mwepesi kuliko wa Mzungu. Njaa na maradhi humdhoofisha mtu tangu tumboni mwa mama, lakini wao walikimbilia kulaumu damu. Gordon alifika hadi kudai kwamba masomo ya Kizungu huenda yakamtia Mwafrika wazimu. Unaona walikokuwa wakielekea? Mlangoni pa shule. Bahati yetu, walipoomba London iwape fedha za utafiti zaidi, walinyimwa.

Kwingine hakukuwa na bahati hiyo. Virginia, Marekani, msichana Carrie Buck alibakwa, akapata mimba, akapelekwa kwenye taasisi ya waliodaiwa kuwa na akili pungufu, alikokuwa mama yake. Dola ilitaka kumfunga kizazi. Mtoto wake Vivian alikuwa bado mchanga; mfanyakazi wa ustawi wa jamii alimtazama tu, akaiambia mahakama kwamba hayuko sawasawa. Mwaka 1927 majaji wanane kati ya tisa wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo waliridhia, na Jaji Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya wajinga vinatosha. Carrie akapasuliwa. Vivian alikwenda shule, na muhula mmoja jina lake likawa kwenye orodha ya wanafunzi bora. Alikufa 1932, ana miaka minane.

Sisemi urithi ni uongo. Selimundu, ule ugonjwa wa damu, hurithiwa, na nimemzika mwanafunzi wangu kwa ajili yake. Lakini wizi hauna chembe inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kinachotoka kwa baba aliyefungwa ni karo isiyolipwa na jina linalosomwa barazani kwa sauti ya juu. Na ikiwa tutapima watu kwa wazee wao, Chifu, katika lokesheni hii nani atabaki? Kila boma lina jambo la miaka ya hamsini, enzi za Mau Mau, ambalo hatuulizani, langu likiwemo.

Kijana huyo huja kwangu jioni kusomea, kwao hakuna stima. Juzi nilimpa hesabu ya riba, akanyamaza, kisha akanionyesha kwa upole kwamba swali lenyewe nimelikosea. Nililirudia mara mbili. Nilikuwa nimelikosea kweli.

Nyanya yake ameniachia ile fomu, ikiwa bado ndani ya pakiti yake, na sahihi ya mwalimu mkuu ipo tayari. Pamebaki mahali pako tu. Mwisho wa kupeleka ni Ijumaa saa kumi, nami nitakuwa ofisini kwako Jumatano asubuhi kabla hujaanza kesi za mipaka.

Wako,
Mwalimu wa upande wa mtoni