Barua kwa Mwanangu Anayekwenda Guangzhou

Mwanangu Zuhura,

Marahaba, mama. Salamu zako nimezipokea, na habari za viza kutoka zimenipa furaha kubwa. Baba yako naye anashukuru, ingawa tangu asubuhi anauliza nani atakupokea.

Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia kwa sababu haya nataka uyanakili kwa mkono kwenye karatasi, karatasi ikae na pasipoti. Ukishafika Guangzhou, huko China, kununua mzigo, simu ndiyo inakuwa pochi yako, ramani yako, mkalimani wako na njia yako ya kutufikia sisi. Ikizima chaji au ikiibiwa, umebaki bubu kwenye mji wenye watu zaidi ya milioni 18, na wengi wao hawana Kiingereza cha kukusaidia. Nimeona mfanyabiashara mzoefu kabisa, mtu wa Kariakoo wa siku nyingi, amekaa kwenye ngazi za jengo usiku hajui hoteli yake inaitwaje kwa Kichina. Jina la Kiingereza alilijua vizuri sana. Dereva hakulijua.

Basi anza na hilo. Ukishapewa chumba, kabla hujapanda juu, omba mapokezi kadi ya hoteli yenye anwani kwa herufi za Kichina na namba ya simu. Chukua mbili: moja kwenye mkoba, nyingine mfukoni. Unapopanda teksi unamwonyesha dereva kadi, husemi neno. Ukishuka dai risiti ya mashine, inaitwa fapiao, hata kama safari ni fupi. Risiti hiyo inaonyesha teksi gani ilikubeba, na ukisahau sampuli zako ndani ya gari, hiyo ndiyo itakayosaidia kulitafuta.

Sasa namba. Ziandike kubwa, zisomeke hata gizani. Polisi ni 110. Zimamoto ni 119. Gari la wagonjwa ni 120. Ajali ya barabarani ni 122. Usitegemee kwamba atakayepokea atajua Kiingereza. Mpe simu mtu wa mapokezi, mwenye duka, mlinzi wa jengo, yeyote Mchina aliye karibu, aseme mahali mlipo. Wachina wa kule wanasaidia mtu akiwa na shida, mradi uwaonyeshe waziwazi unachotaka. Kisha kuna namba mbili ambazo wageni wengi hawazijui: 12345 ni ya serikali ya mji, kwa malalamiko na maswali ya kila aina, na 12367 ni ya idara ya uhamiaji ya taifa, inapokelewa saa 24 kwa Kichina na Kiingereza. Ukiwa na wasiwasi wowote kuhusu viza, piga 12367 uulize wenyewe. Usiulize vijiweni. Vijiwe vya Xiaobei, ule mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, vina majibu mengi, na kila jibu lina mtu anayetaka kulipwa.

Kwenye viza sitaki mchezo kabisa, mwanangu. Ukizidisha siku, sheria yao inatoza faini ya yuan 500 kwa kila siku, mpaka yuan 10,000, na wanaweza kukuweka ndani siku 5 hadi 15. Ukiona mzigo utachelewa na unahitaji kuongeza muda, maombi yapelekwe siku 7 kabla viza haijaisha, si siku ya mwisho. Pasipoti halisi tembea nayo. Sheria inamtaka mgeni awe nayo, na maeneo ya Xiaobei na Sanyuanli polisi wanakagua. Nakala iache hotelini, nyingine nitumie mimi.

Ukilala hotelini, hoteli yenyewe inakuandikisha polisi. Lakini najua una rafiki yako aliyepanga nyumba kule, na najua utashawishika kulala kwake kuokoa pesa. Si vibaya. Ila ndani ya saa 24 tangu ufike lazima wewe au mwenye nyumba mwende kituo cha polisi cha mtaa mkajiandikishe. Mtapewa karatasi, itunze kama pasipoti. Watu wanapuuza hili, halafu siku ya kuongeza viza wanaulizwa karatasi ya makazi wanabaki kutazamana.

Pasipoti ikipotea, Mungu aepushe, usikimbilie kwanza kwa watu wetu. Unaanza polisi, wakuandikie taarifa ya upotevu, halafu idara yao ya uhamiaji ikupe cheti, ndipo uende kwa konseli wetu, yaani ubalozi mdogo, kwa hati ya kusafiria. Na hata ukiipata hiyo hati, bado unahitaji kibali cha Wachina cha kutokea. Zinakwenda siku. Ubalozi wa Tanzania uko Beijing, mbali sana na hapo, lakini Guangzhou penyewe tuna Konseli Kuu. Namba zao za sasa zichukue kwa Wizara ya Mambo ya Nje kabla hujaondoka, usichukue kwenye makundi ya WhatsApp ambako namba za zamani zinazunguka miaka nenda rudi.

Tukiwa hapo kwenye WhatsApp: kwa intaneti ya Wachina haifunguki, wala Google. Ukiiacha laini yako ya nyumbani ikiwa hewani kwa huduma ya ng'ambo, mara nyingi inafanya kazi, lakini inakula pesa. Wachina wote utakaofanya nao kazi wanatumia WeChat. Ifungue ukiwa bado Mwanza, kwa sababu mara nyingine inataka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishe, na mimi nipo hapa nitakuthibitisha. Vivyo hivyo Alipay: unaunganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, unalipa kwa kuskani, kuanzia maji ya kunywa hadi nauli ya treni. Malipo yakizidi yuan 200 kuna makato ya asilimia 3, kwa hiyo bei ya mzigo usiilipe kwa njia hiyo. Namba za siri za benki zinakuja kwa ujumbe kwenye laini ya Tanzania, ndiyo maana nakwambia usiitoe kwenye simu. Na uitaarifu benki yako kwamba unasafiri, wasije wakaifunga kadi wakidhani ni wizi.

Pesa taslimu bado ni muhimu. Shilingi huko haina kazi, beba dola safi zisizochanika. Ukiingia na zaidi ya dola 5,000 unatakiwa uzitangaze forodhani. Zitangaze, haina madhara, na karatasi yake inakulinda ukitoka. Kubadilisha, nenda Bank of China na pasipoti yako, uchukue namba, ukae usubiri. Wapo wanaume wanaosimama njiani Xiaobei wakinong'ona bei nzuri kuliko benki. Wapite tu. Noti bandia nyekundu ya yuan 100 hutaitambua mpaka muuza kitambaa akurudishie mbele ya watu.

Kutoka uwanja wa Baiyun, kama umetua mchana na begi lako ni jepesi, treni ya chini ya ardhi ya mstari wa 3 inakuingiza mjini. Kama ni usiku, panga foleni ya teksi rasmi iliyo nje ya jengo. Anayekufuata ndani akikuuliza unakwenda wapi, usimjibu. Xiaobei ina kituo chake kwenye mstari wa 5, Sanyuanli kwenye mstari wa 2. Nauli inaanzia yuan 2, vituo vimeandikwa pia kwa herufi zetu, na kusema kweli ni usafiri mzuri kuliko wote niliowahi kupanda. Mabegi yanapita kwenye mashine ya ukaguzi kila unapoingia, kwa hiyo usibebe mkasi wa kukatia vitambaa.

Kama utarukia mji mwingine kwa ndege ya ndani, angalia pawabenki yako. Tangu Juni 2025 hawaruhusu isiyo na alama yao ya usalama ya 3C, wanaichukua pale pale. Plagi zetu za miguu mitatu minene nazo haziingii kwenye kuta zao. Nunua kiunganishi hapa.

Afya. Dawa zako za pumu beba za kutosha safari nzima, kwenye begi la mkononi, na barua ya daktari. Hospitali kule unaanza dirishani: unajiandikisha kwa pasipoti, unalipa, ndipo unaonana na daktari, ukitumwa kipimo unalipa tena kwanza. Hata gari la 120 lina malipo. Kwa hiyo bima ya safari kata, na bado uwe na akiba. Kutoka Xiaobei hospitali kubwa iliyo karibu ni ile ya kwanza ya Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, barabara ya Zhongshan Er. Mwambie mtu wa mapokezi akuandikie jina lake kwa Kichina nyuma ya kadi ya hoteli siku ile ile ya kwanza, wakati u mzima. Kifua kikibana si wakati wa kutafuta tafsiri. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko mengine yote, Zuhura, nalisema wazi.

Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, karibu na bustani ya Yuexiu. Wenyeji wanasimulia kwamba hapo ndipo lilipo kaburi la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria hawakubaliani, lakini watu wanaozuru ni wengi. Baada ya sala utasikia Kiswahili, cha Dar, cha Mombasa, cha Unguja. Salimia watu, chukua namba za kina mama wawili watatu waliokaa muda mrefu. Msaada wa watu hao ukiwa na shida ni wa haraka kuliko ofisi yoyote. Chakula halali hutapata taabu, tafuta migahawa yenye kibao cha qingzhen. Tambi zao za kuvuta kwa mkono utazipenda.

Ajenti wa mizigo sina maneno mengi, ulishaniona ninavyofanya. Anwani ya stoo yake kwa Kichina, alama yako kwenye kila robota la nguo, picha ya kila risiti. Mwenye duka unayempa amana, piga picha kadi yake na namba ya kibanda, kwa sababu majengo yale yana mamia ya vibanda vinavyofanana. Ukienda mwezi wa nne au wa kumi utakutana na Maonyesho ya Canton, yale yaliyoanza 1957, na hoteli zinapanda bei na kujaa. Chumba kiwe kimelipiwa mapema.

Guangzhou wako mbele yetu kwa saa 5. Kwako ikiwa saa mbili usiku, kwangu ni saa tisa alasiri na nipo dukani. Nipigie saa hiyo kila siku. Siku usipopiga nitampigia rafiki yako, kwa hiyo nitumie namba yake leo, pamoja na jina la hoteli na namba ya ndege. Ukipita Dar kabla ya kuruka, njoo moja kwa moja dukani na hiyo karatasi. Nataka niisome mwenyewe, namba baada ya namba, kabla hatujakwenda uwanjani.

Mama yako