Nikiitengeneza nyumba yangu, nitapoteza msamaha wa kodi wa wazee?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwalimu mstaafu na mjane, nina miaka 68. Naishi Kihonda, Morogoro, katika nyumba ambayo marehemu mume wangu na mimi tuliijenga kidogo kidogo kuanzia 1994. Ni nyumba ya vyumba vitatu na sebule, choo kiko nje. Mirathi tulimaliza salama na jina kwenye hati sasa ni langu. Wanangu wamekubaliana kwamba nyumba hii ifanyiwe matengenezo makubwa, lakini hawajakubaliana ni matengenezo gani, na mimi ninayelala ndani yake ndiye ninayekosa usingizi. Sababu ni kodi ya majengo.

Ninavyoelewa, sheria inamsamehe kodi hiyo mtu aliyetimiza miaka 60 kwa nyumba moja anayoimiliki na kuishi mwenyewe, mradi haimwingizii kipato. Wengine wanakatwa kwenye LUKU, yaani kila wanaponunua umeme wa kulipia kabla. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni shilingi 18,000 kwa mwaka, yaani 1,500 kila mwezi, na nyumba za ghorofa za mjini ni 90,000 kwa mwaka kwa kila sakafu. Najua wapo watakaosema 1,500 si fedha ya kuandikia barua. Mimi nanunua umeme wa 5,000 nikipata pensheni, na huo unatakiwa unifikishe mwisho wa mwezi. Ukitoa 1,500 hapo, siku kumi za mwisho ni za tochi ya simu.

Msamaha wenyewe niliutafuta kwa miguu. Makato ya LUKU yalipoanza Agosti 2021 na mimi nilikatwa kama wote. Nikapeleka kitambulisho cha taifa, barua ya mtendaji wa mtaa, nakala ya hati na namba ya mita. Nikaambiwa rudi wiki ijayo, nikarudi, mara nne. Mwishowe makato yakakoma, nikashukuru Mungu.

Halafu nyaya za nyumba zikachakaa. Fundi akaja akazing'oa zote, na mita nayo ikabadilishwa kwa sababu ya zamani ilikuwa imekufa. Miezi mitatu baadaye nanunua umeme wa 10,000, ujumbe wa tokeni unaingia na mstari wa deni: 4,500. Nilipokwenda kuuliza, kijana wa dirishani alinieleza kwa upole kabisa kwamba msamaha wangu uliandikwa kwenye mita ya zamani, hii mpya hainitambui, kwa hiyo nianze upya. Sikuwa nimeongeza hata tofali moja! Nilikuwa nimezuia nyumba isiungue tu. Nimeanza upya, nimemaliza, lakini tangu siku hiyo kila fundi akigusa ukuta moyo unanidunda.

Woga huu una historia ndani ya nyumba yetu. Enzi zile kodi ilipokuwa ikitozwa kwa thamani ya jengo, mume wangu alikataa miaka mingi kupiga lipu ukuta wa mbele. Alisema mthamini akipita akaona nyumba inang'aa, ataandika namba kubwa. Wageni walikuwa wakidhani tumeishiwa, kumbe saruji ilikuwa stoo ikigeuka jiwe. Alifariki ukuta ukiwa bado tofali tupu. Lipu niliipiga mimi, kwa ajili ya matanga ya arobaini, na nililia nikimwangalia fundi akifanya kazi.

Sasa hivi najua mambo hayako hivyo. Viwango ni vya jumla, haviangalii vigae wala bati jipya wala silingi bodi. Nikileta choo ndani, cha kukaa, na kuweka mteremko badala ya zile ngazi za barazani zinazoniumiza magoti, nyumba inabaki ile ile ya kawaida. Hayo ndiyo matengenezo ninayoyataka mimi, na hayanipi hofu. Ninachohofia ni mipango ya watoto.

Mwanangu wa kwanza anataka kupandisha ghorofa. Yeye yuko Dodoma, ana familia, anasema wakija likizo walale juu. Kibali cha ujenzi atafuatilia yeye, nondo na zege atalipa yeye, ingawa fundi amekwisha sema msingi huu haukuchimbwa kwa ajili ya kubeba sakafu nyingine na itabidi nguzo zianzie chini. Sawa. Lakini kwa kuwa fedha ni yake, ameomba tubadilishe hati iwe kwa jina lake. Ana miaka 41. Mwenye nyumba akiwa ni yeye, mimi nitakuwa bibi anayeishi kwa mwanawe, na msamaha wa miaka 60 utakuwa umeondoka na jina langu. Hata ikihesabiwa sakafu moja tu, ni mara tano ya nyumba ya kawaida, na mita iko kwangu. Mwenye kununua umeme ni mimi. Anasema atanitumia. Nampenda na ninamwamini, lakini mimi ni mama yake, najua pia miezi anayobanwa na ada.

Binti yangu anasema ghorofa ya nini kwa mtu wa magoti mabovu. Yeye anataka tujenge vyumba vitatu vya wapangaji uani, kila kimoja na mita yake, na fremu mbili, yaani vyumba vya duka, upande wa barabara, zishikane na ukuta wa sebule. Mwenye duka la dawa ameshakuja kuulizia fremu moja, akanieleza kabisa kwamba kodi ya pango atakata zuio la asilimia 10 alipeleke serikalini. Hilo sina ugomvi nalo, ni kipato na kipato kina kodi yake. Shida yangu ni lile neno "mradi haimwingizii kipato". Vyumba vya uani ni jengo jingine; akili yangu inaniambia hilo lilipiwe kodi yake na nyumba ninayolala ibaki na msamaha. Lakini fremu zimebebana na sebule. Je, nikipangisha fremu, nyumba nzima inahesabiwa ya biashara? Na zile mita tatu za uani? Jirani yangu mwenye wapangaji alikatwa kwenye kila mita ingawa jengo ni moja, mpaka alipokwenda kutoa taarifa mwenyewe.

Naomba msaada kwa wazee wenzangu waliopita njia hii, na kwa wanaofanya kazi ya kodi na uthamini. Kuna aliyejenga fremu au vyumba vya uani na msamaha wa nyumba yake ukabaki? Aliandika nini, na alipeleka taarifa kabla ya ujenzi au baada? Na kwa mwanangu, je, iko namna ya kumwekea maandishi ya fedha anayotaka kuiweka hapa bila mimi kutoa jina langu kwenye hati nikiwa hai? Sitaki kumnyima, na sitaki ndugu zake waje wamnyime.

Lori moja la mchanga limeshamwagwa mbele ya nyumba. Nimemwambia fundi asubiri.

Mwalimu mstaafu,
Kihonda, Morogoro