Malalamiko kuhusu Mkate wa Kamba-koche na Kijitabu cha Ziara ya Frimasoni, Boston

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

YAH: CHAKULA NA MAELEZO YA HISTORIA KATIKA ZIARA YENU YA KISWAHILI MJINI BOSTON

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Kuziweka Frimasoni na meza ya vyakula vya baharini katika ziara moja ni wazo zuri, kwa kuwa loji za zamani, yaani vikundi vya wanachama wake, zilikutana katika baa na kula pamoja humo humo. Ndiyo maana tumeudhika.

Menyu yenu inasema mkate wa kamba-koche. Kilicholetwa ni surimi: samaki mweupe aliyesagwa, akachanganywa na wanga na kupakwa rangi nyekundu upande mmoja. Inatambulika kwa nyuzi zake zenye unene mmoja. Nyama halisi ya gando hutoka na umbo la gando, na ya mkia hukaza kidogo na kujikunja. Kamba-koche wa Boston ana magando mawili makubwa, wa pwani yetu hana, hivyo mgeni kutoka Mombasa au Mtwara ni rahisi kubadilishiwa asijue. Isitoshe, surimi ina samaki, na mara nyingi ngano na ute wa yai. Mwenye mzio wa vitu hivyo anapaswa kuambiwa kabla hajala.

Mikate ilikuwa imelowa kwa sababu ilijazwa mapema ikafungiwa kwenye maboksi. Nyama hutoa maji, mayonezi inalegea, mkate unanywa vyote. Mpishi wenu afanye hivi: kamba-koche hai wa gramu 600 achemshwe katika maji ya chumvi dakika 8 hadi 10, apozwe kwenye barafu, nyama itolewe, ichujwe, ikaushwe kwa kitambaa safi na kuhifadhiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi. Aliyekufa muda mrefu kabla ya kupikwa asitumike. Vimeng'enya vya ini lake huanza kuilainisha nyama hadi inakuwa kama uji. Kamba-koche huyo mmoja hutoa nyama takriban gramu 120, yaani mkate mmoja. Kijiko kimoja cha mezani cha mayonezi kinatosha. Mkate uwe ule wa New England unaopasuliwa juu, mbavu zake zipakwe siagi na kukaangwa hadi ziwe za kahawia, kisha ujazwe mteja akiwa amekwisha kukaa. Wanaopenda wa moto, kama wanavyoula Connecticut, wapewe nyama kwenye siagi iliyoyeyushwa, bila mayonezi.

Kijitabu ni kibaya zaidi. Kinasema Frimasoni ilianzia Boston mwaka 1776. Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kuziunganisha loji, iliundwa London tarehe 24 Juni 1717, katika baa ya Goose and Gridiron, na loji nne zilizokuwapo tayari. Boston ilifuata mwaka 1733, Henry Price alipoanzisha loji katika baa ya Bunch of Grapes. Baa ya Green Dragon, ambayo Loji ya St. Andrew ilikuja kuinunua, ilibomolewa karne ya 19. Msiwaonyeshe wageni jengo jingine na kuwaambia ndilo lenyewe.

Ukurasa mzima mmeutoa kwa kafara na utajiri wa kishetani, uvumi tunaousikia nyumbani kila siku, bila ushahidi hata mmoja. Prince Hall hamkumpa hata mstari. Mtu huyu mweusi aliingizwa Frimasoni pamoja na wenzake 14 mwaka 1775, katika loji ya wanajeshi wa Uingereza. Hati ya kuitambua loji yao, African Lodge, ilitolewa London mwaka 1784 na kufika Boston mwaka 1787. Kaburi lake liko Copp's Hill, North End, na basi lenu linapita mtaa huo bila kusimama.

Tunaomba ndani ya siku 14: mturudishie fedha za chakula, neno kamba-koche liondolewe kwenye menyu hadi mtakapompika kweli, kijitabu kisitishwe na kusahihishwa, na Copp's Hill iwe kituo cha ziara. Risiti na picha za chakula tumeziambatanisha.

Wenu,
Wateja wa ziara