Barua kwa wavuvi vijana wa Ziwa Victoria: furu walikuwa na kazi

Wanangu na wajukuu zangu mnaovua Ukerewe, Ukara, Kome na mialo mingine ya upande wetu wa ziwa,

Nawasalimu, na namshukuru Mungu kwa kila alfajiri mnayorudi salama.

Juzi nilikaa mwaloni nikimtazama kijana mmoja akichambua dagaa. Kila alipokuta furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu, alimtupa mchangani. Nilipomuuliza, akaniambia, "Babu, hawa takataka tu." Sikumjibu pale pale, maana nilipokuwa na umri wake nami nilisema neno lilo hilo. Barua hii ndiyo jibu langu kwake na kwenu nyote.

Nilianza kuvua na marehemu baba mwaka 1967. Enzi hizo ngege, ndugu wa asili wa sato, ndiye aliyekuwa samaki wa heshima, lakini nyavu zilijaa furu: wa bluu, wekundu, wa manjano, wengine weusi tii. Mama zetu waliwatunga kwenye vijiti na kuwaanika juani, wakakauka bila kuni hata moja. Watafiti waliolikagua ziwa kati ya mwaka 1969 na 1971 walikuta takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ni furu. Aina zao zilizidi 500, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Hata hivyo walihesabiwa samaki duni, kwa sababu hawakuwa na bei.

Hakuna aliyeuliza wanafanya nini mle majini. Kumbe walikuwepo waliokula mwani, na waliokula uozo wa majani uliotuama kwenye tope. Walikuwepo waliovunja konokono, waliookota mabuu ya wadudu, na wengine waliowawinda furu wenzao. Kila kilichodondoka ziwani kilikuwa na mlaji wake. Shuleni wanafundisha kwamba huo ndio mfumo wa ikolojia. Mimi nauona kama kaya kubwa yenye zamu: huyu anafagia, yule anachota maji, mwingine analinda mlango. Ukimfukuza anayefagia, huoni tofauti siku ya kwanza.

Sangara si wa kwetu. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na waliomleta walitaka awale furu wasio na bei, nasi tumle yeye mwenye nyama nyingi. Upande wetu alishamiri katikati ya miaka ya 1980. Furu jike hutaga mayai machache na kuyaatamia mdomoni. Sangara jike mkubwa hutaga mamilioni. Ndani ya miaka michache tukawa tunavuta nyavu zisizo na furu hata wa dawa, na aina nyingi, pengine mia mbili, zilitoweka.

Sitawaficha: sangara alinijengea nyumba na kuwasomesha baba zenu. Viwanda vya minofu vilifunguliwa Mwanza, watu wakapata ajira. Simlaani samaki yule. Nawaeleza tu kilichofuata, kwa sababu ninyi mmezaliwa baadaye na mnadhani ziwa limekuwa hivi siku zote.

Sangara ana mafuta, haanikwi juani akakauka kama furu. Hukaushwa kwa moshi au kukaangwa, na vyote vinataka kuni. Tulikata miti visiwani hadi vilima vikabaki vipara, mvua ikashusha udongo ziwani. Udongo ule, pamoja na mbolea ya mashambani na maji machafu ya miji, ni chakula cha mwani. Nao mwani ulipozidi, wale waliokuwa wakiula hawakuwepo tena. Mwani unapokufa huzama, na unapooza humaliza hewa ya maji ya chini. Ndiyo maana kuna vilindi tulivyovua zamani ambavyo sehemu ya mwaka samaki hawezi kuishi. Babu zangu walikunywa maji ya ziwa hili yakiwa meupe. Leo mnayaona yalivyo ya kijani.

Lipo jambo moja linaloniuma kuliko yote. Furu jike humchagua dume kwa rangi yake. Maji yalipochafuka na mwanga kufifia, majike hawakuweza tena kumtofautisha dume wa aina yao na wa aina nyingine. Wakachanganyika, na aina zilizokuwa mbalimbali zikayeyuka zikawa kitu kimoja. Wale hawakuliwa na sangara wala hawakunaswa na nyavu zetu. Tuliwazimia taa.

Nami nina deni langu. Nilivuta kokoro, ule wavu mrefu unaoburutwa hadi ufukweni, miaka sita. Usiku mmoja tuliweza kujaza mtumbwi, tukaimba njia nzima. Sato hutengeneza viota vyake kwenye mchanga wa maji mafupi, palepale kokoro linapokwangua. Tulivisomba viota, mayai na vifaranga, kisha tukauliza mbona sato wanaadimika. Nawaomba radhi kwa hilo, na naomba anayevuta kokoro leo au kutega nyavu za timba, zile za uzi mmoja wa plastiki, asiniambie kwamba njaa ndiyo inamlazimisha. Najua njaa. Njaa ya mwaka wa saba ni kali kuliko ya mwaka wa kwanza.

Siku hizi mnafukuzia mabondo, vile vifuko vya hewa vya tumboni mwa sangara, na bei yake inawapeleka kwa sangara wakubwa kabisa. Hao wakubwa ndio majike yenye mayai mengi zaidi. Kama mnataka sangara awepo wanenu wakikua, mwacheni jike mkubwa, na msiguse wale wadogo ambao hawajazaa hata mara moja. Na mkialikwa kwenye mradi wa vizimba vya kufugia samaki ziwani, ulizeni kwanza vitawekwa wapi. Chakula kinachobaki na kinyesi cha samaki hushuka chini. Ghuba iliyofungika, yenye maji mafupi yasiyotembea, haifai, hata kama ni karibu na nyumbani na ulinzi ni rahisi.

Sasa niwape habari njema. Tangu miaka ya 1990, sangara walipopunguzwa na uvuvi, baadhi ya furu wamerudi. Walijificha wapi? Wengine kwenye mianya ya miamba, ambako sangara mkubwa hapenyi. Wengine ndani ya mafunjo na matete. Maji ya humo yana hewa kidogo, sangara hayawezi, lakini furu kadhaa wanayamudu. Mafunjo yayo hayo hukamata udongo unaotoka mashambani kabla haujafika ziwani. Ni ngome na ni chujio kwa wakati mmoja.

Ndiyo maana mwaka jana nilimkemea mwanangu mwenyewe alipochoma matete apanue eneo la kuegesha mitumbwi, na wiki iliyofuata apande mboga. Alinikasirikia. Ninyi mnaweza kunikasirikia pia, ila ombi langu ni moja: kila mwalo ubakize ukanda wa matete na mafunjo usiochomwa, usiolimwa, usiopitishwa wavu. Lipelekeni jambo hili kwenye kikao cha BMU, kikundi cha mwalo cha kusimamia uvuvi, mpime ukanda wenyewe kwa kamba, muweke alama za miti.

Na yule kijana wa dagaa, kama unasoma, njoo kwangu siku yoyote kabla upepo haujaanza. Tutaingia na mtumbwi mdogo pembeni ya mafunjo, kwa kasia, bila injini. Ukitulia utamwona furu jike na vifaranga vyake. Ukiwatia hofu, wote wanaingia mdomoni mwake.

Ni mimi babu yenu,
mvuvi mstaafu, Ukerewe