Nalifuta neno nililokwambia stesheni

Kibirizi, Kigoma

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Baba yako hajambo, bibi yako goti limepata nafuu, wadogo zako wanaendelea na shule. Kifurushi hiki anakuletea mwenzako aliyekuja likizo. Nimeona nikitie na barua, maana mtandao wa huku ukikatika katikati ya neno, neno lenyewe hupoa.

Ule ujumbe wako wa sauti kutoka Ping'an, kijiji mlichotembelea huko China, nimeusikiliza mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa mwaloni, wachuuzi wanapiga kelele, nikasikia habari za milima na vicheko vya wenzako tu. Usiku, nyumba ilipotulia, ndipo nikasikia sauti yako inavyokatika ulipofika kwa yule bibi na jiko lake.

Picha nimeziona zote. Mlima mzima umekatwa ngazi ngazi toka bondeni hadi juu, mpunga umeiva, rangi ya ndizi mbivu. Nyumba za mbao za Wazhuang, wenyeji wa hapo, zimesimama juu ya nguzo. Dada yako yeye ameshika habari ya wale wanawake wa Kiyao wa kijiji cha jirani, wanaoosha nywele kwa maji ya mchele yaliyochachuka mpaka zinawafika miguuni, na sasa hatuna amani na mchele wetu. Mimi nilichokishika ni maji. Umesema kule juu kabisa wameacha msitu, maji yanatoka humo, yanashuka shamba kwa shamba, kila shamba linaliachia lililo chini yake, na kazi hiyo wameifanya kwa mikono kwa mamia ya miaka. Babu yako wa Manyovu, kule milimani kwetu, angetamani kuyaona. Alitugombeza sana sisi wanawe tukikata mti karibu na chemchemi, na majirani wakamwona mkorofi.

Halafu yule bibi. Ametia mchele kwenye vipande vya mwanzi, ameviweka motoni mpaka vikawa vyeusi, amepasua, mvuke umetoka. Wenzako wanapiga picha. Wewe umeunusa moshi wa kuni ukatoka nje, ukasimama nyuma ya nyumba ukalia. Yule binti wa Laos alipokuuliza una nini, ukamwambia moshi umekuingia machoni.

Mwanangu, maneno hayo hayo niliwahi kuyasema mimi.

Nilipoolewa nikashuka huku Ziwa Tanganyika nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa nimezoea ukungu wa asubuhi, migomba, na kahawa ya baba. Usiku mawimbi yakipiga nilidhani yanakuja kunichukua. Watu wa hapa walikuwa wema, lakini salamu zao zilinitia upweke. Kwetu ukikutana na mtu njiani unapiga makofi, mnaulizana hali ya mji mzima hadi ng'ombe. Huku mtu anakusalimu ameshapita. Asubuhi nilikuwa naaga kwamba naenda sokoni, kumbe naenda kusimama magari ya Manyovu yanapoteremsha abiria, nimsikie tu mtu akisalimu kwa Kiha chetu, "mwakeye".

Jirani yetu, mama mmoja wa Kimanyema mzaliwa wa Ujiji, alinikuta jikoni nalia. Nikasema ni moshi. Akanyamaza. Nikakaa hivyo mwaka mzima, niko na watu lakini sipo. Siku niliyomwambia ukweli alivuta kigoda akaniuliza, "Kwenu mnapika nini?" Nikamweleza ndizi na maharage. Kesho yake akaja na chane mbili, tukapika pamoja. Yeye ndiye aliyenifundisha kuanika dagaa, na wewe ulizaliwa mikononi mwake. Naumia nikifikiri kwamba mwaka ule wote alikuwa hapo hapo, ng'ambo ya uzio.

Ndiyo sababu naandika. Siku ile stesheni ya Kigoma unapanda treni ya Dar es Salaam, macho yako yalijaa, nami nikakukaripia mbele ya watu: usilie, umekuwa mtu mzima. Nilisema vile kwa kuwa mimi mwenyewe nilikuwa naelekea kuanguka. Neno lile nalifuta. Lia, mwanangu, lakini usiende nyuma ya nyumba. Lia hapo hapo walipo wenzako, na wakikuuliza, waambie.

Siwezi kukuahidi kwamba ukirudi hamu itakwisha. Mwaka 2024 uvuvi ulipofungwa ziwani, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana, biashara ilisimama nikapanda Manyovu kwa mjomba wako. Nafasi ile nilikuwa nimeingoja miaka mingi. Wiki ya pili usingizi ukanikimbia. Kimya! Hakuna wimbi, hakuna injini ya boti, nikitoka nje hakuna zile taa za wavuvi zilizojipanga majini kama mji mwingine. Niko kwetu, na bado natamani kwetu. Huenda na wewe siku moja uko hapa Kibirizi, utasikia harufu ya kitu kinachoungua ukaikumbuka Ping'an, na yule bibi ambaye hata jina hukumwuliza. Mkirudi huko, mwulize.

Na huyo rafiki yako Mzambia, mmeshazungumza habari za samaki? Ziwa letu linagusa nchi nne, na ncha yake ya kusini ndiko Mpulungu, kwao. Meli ya Liemba ilikuwa ikitoka hapa ikifika huko. Dagaa wetu wao huwaita kapenta. Ukute mmekaa bweni moja muda wote huu, kila mtu anamtamani samaki yule yule kwa jina lake.

Kwa hiyo nimeweka kilo mbili. Wamekaushwa kwenye chanja, hawana mchanga, nimewachambua mwenyewe. Nusu ni za Mzambia. Unga wa muhogo uko chini, kwenye mfuko mweusi. Mawese mbebaji amekataa, anaogopa yatamwagika kwenye nguo zake. Kitenge cha kijani ni cha yule bibi wa mwanzi.

Ukipiga simu, piga saa moja jioni ya huku, ingawa kwako itakuwa saa sita usiku. Ndipo jua linapozama nyuma ya milima ya Kongo na maboti yanaanza kutoka. Nitashuka na simu hadi majini nikuonyeshe, na usipoweza kusema, kaa tu tuangalie wote.

Mama yako