Barua kwa mwanangu: hivyo vioo vya duara vya saluni yako

Marahaba mwanangu, hujambo mama. Nimeziona picha zote ulizonitumia jana usiku, yani simu ilikuwa inalia mfululizo mpaka baba yako akauliza kuna msiba wapi. Vinapendeza hivyo vioo vya duara, sikatai, na mi mwenyewe nimeshachoka na yale mavioo ya pembe nne ya ukuta mzima ambayo kila saluni iliyofunguliwa mtaani kwetu ilikuwa nayo. Ila nimeviangalia kwa macho ya mtu aliyesimamia saluni Temeke toka enzi za kusuka yeboyebo, kwahiyo nina maneno, na nimeamua kuandika maana voisi noti zangu huwa husikilizi mpaka mwisho, usibishe.

Kubwa kuliko yote, na kwenye picha zako zote sijaona mtu aliyelifikiria, ni mlango. We uko Tanga mama, uko Ngamiani, wateja wako wengi ni watu wa ushungi na baibui, mtu anaingia kwako anavua mtandio kwa sababu anaamini humo ndani yupo na wanawake wenzie basi. Sasa we kwenye kale kamchoro kako umeviweka vioo vyote ukuta wa nyuma ule unaotazamana na mlango, eti mtu akipita nje avione viking'aa aingie. Ni kweli ataviona, na mteja wako pia atamuona! Yule dada kakaa amempa mgongo mlango, anajua kajisitiri, kumbe uso wote na kichwa wazi vipo kwenye kioo vinatazama barabarani, bodaboda kaegesha hapo nje anakula karanga anaangalia. Kioo hakina siri, ukiyaona macho ya mtu kwenye kioo na yeye anayaona ya kwako. Alafu usiku ndo mbaya zaidi kwa sababu ndani kuna taa nje giza, mteja hamuoni mtu yeyote kwenye kioo anajua hakuna mtu, wakati aliyepo nje anamuona kama mchana.

Kwahiyo viti na vioo vya kazi viweke ukuta wa ubavuni, na uanzie ndani zaidi usianzie mlangoni, pazia zito liwepo hata kama mlango una kioo cha rangi. Na kabla fundi hajatoboa chochote, mwite mdogo wako asimame nje, azunguke huku na huku, we kaa kila kiti mmoja mmoja umshikishe mtu kioo cha kawaida pale ukutani, yule wa nje akikuona sura hapo mahali hapafai, sogeza. Fanya mchana alafu urudie saa moja usiku. Najua utasema mama unazidisha, lakini mteja wa aina hiyo akishaonekana mara moja harudi, na hakwambii kwanini harudi, anaenda tu kwa mwingine na anawaambia shoga zake wote.

Tuje kwenye ukubwa. Ile picha uliyoipenda sana, vile vidogo saba vimetawanywa ukutani kama visahani, hiyo ni ya kupigia selfi, sio ya kusukia. Mtu anayesuka rasta ndogo anakaa masaa na masaa, anageuza shingo, anainama, analala kidogo anaamka, anataka akiinua macho tu ajione, sasa kile kioo cha sentimita 40 akisogea kidogo sura imetoka, inabaki ukuta. Na shida ya duara ni kwamba juu na chini inabana, pale kati ni papana ila ukipanda unaishia na kakipande, wakati nywele ndo ziko hukohuko juu. Mi nakwambia kwa kila kiti chukua 80, ukibanwa sana na hela 60, chini ya hapo usiende. Hivyo vidogo kama unavitaka sana nunua vitatu vinne uviweke ukuta uleule wenye mlango, kwa ndani, vinapendezesha na aliye barabarani havioni kabisa.

Urefu wa kutundika nao mafundi wengi wanakosea, wanatundika kwa kupima macho yao wenyewe wakiwa wamesimama, kama kioo cha sebuleni. Mteja amekaa! Macho ya mtu aliyekaa kwenye kiti cha saluni yanakuwa kama mita moja na sentimita 15 hivi toka chini, akikaa kwenye kiti cha plastiki au kigoda yanashuka zaidi, alafu msusi kasimama na yeye anataka aone uso wa mteja kwenye hichohicho kioo ili ajue njia ya kati imenyooka au imeenda upande. Kitovu cha kioo kikae kama sentimita 120 mpaka 125 toka sakafuni mtaonana wote wawili. Usiniamini mimi, chukua boksi kubwa la friji au la pampas, kata duara la 80 na la 60, bandika ukutani na selotepu, kaa, simama, mwambie mwenzio akusuke hata msuko mmoja huku mnaangalia, utajua lipi ni lipi bila kutumia hata mia. Na toka katikati ya kioo kimoja mpaka katikati ya kingine usishuke mita moja na robo, wasusi wawili wakisimama mgongo kwa mgongo na pasi za kunyooshea za moto huwa ni ugomvi.

Kuhusu bei, usishangae duara ni ghali kuliko mraba wa upana huohuo wakati kioo chenyewe ni kidogo. Fundi anakata mraba kwanza ndo anatoa duara, zile pembe nne zinazobaki ni zaidi ya moja ya tano ya kioo na umezilipia, na bado ubao wa kukatia na kusaga ukingo ili usikate mtu. Ndo maana ukiona duara la bei ya kutupa ujue ni kioo chembamba cha milimita 3, kikibanwa tu na fremu yake kinajikunja, mteja anajiona taya moja nene, na mwanamke hawezi kukaa masaa manne anaangalia taya nene akakulipa kwa roho safi. Chukua milimita 5, 4 mwisho. Duara la 80 la milimita 5 lina uzito wa kilo 6 na zaidi kidogo bila fremu, ukilinyanyua utasikia.

Dukani jaribu hivi. Weka ncha ya funguo kwenye kioo, uangalie umbali kati ya ncha na kivuli chake humo ndani, kioo chembamba ncha zinakaribia kugusana, kinene kinaacha nafasi. Alafu rudi nyuma hatua kadhaa uangalie ndani ya kioo kitu kilichonyooka kama ukingo wa mlango au nguzo, tikisa kichwa taratibu kushoto kulia, ule mstari ukicheza kama maji acha, hata kama muuzaji anakwambia dada ni macho yako. Na geuza nyuma! Watu wanaona aibu kugeuza kioo. Angalia ile rangi ya nyuma isiwe imekwaruzwa wala kubanduka pembeni, kwa sababu chini ya ile rangi kuna utando wa madini ya fedha mwembamba mno ndo unaofanya kioo kiwe kioo, unyevu ukiupata unaanza kuoza ukingoni, yale madoa meusi. Na Tanga hiyo, upepo wa bahari, mvuke wa stima ya nywele, maji ya kuoshea nywele, kisipofunikwa vizuri hakichelewi. Waambie wasichana wako dawa ya kusafishia wapulizie kwenye kitambaa wasipulizie kwenye kioo, maana inateremka inakwenda kujaa chini kwenye ukingo, na zile zenye amonia waziache kabisa, kitambaa chenye maji kidogo na kingine kikavu inatosha.

Fremu za ukindu na mkonge zile umenitumia nyingi, najua ndo fasheni, na huko kwenu mkonge ndo kwao. Kwa chumbani nzuri. Kwa saluni mwanangu we fikiria, vipande vya nywele vinavyoruka, nyuzi za rasta, vumbi, hea sprei inayonata juu yake, vyote vinaingia kwenye vile vishimo vya kusuka na havitoki hata kwa mswaki, baada ya miezi michache kioo kina ndevu. Kama roho inakuuma weka kimoja cha ukindu sehemu ya kusubiria wateja, mbali na viti. Vya kazi chukua vyenye ukingo wa aluminiamu mwembamba, nyeusi au dhahabu, sio chuma kwa sababu chuma na bahari unajua mwenyewe. Mi ningechukua nyeusi, dhahabu ya bei rahisi inachubuka inakuwa rangi ya ajabu.

Taa sasa. Vile vyenye taa ya LED kuzunguka, sawa, ila uliza rangi ya mwanga, kuna ya njano, kuna nyeupe iliyotulia kama 4000 (ni namba ya rangi ya mwanga, kelvin), na kuna ile ya bluubluu 6500 inayofanya kila mtu aonekane mgonjwa. Chukua ya katikati. Na ya njano isikudanganye, rasta namba 1B na namba 2 kwenye taa ya njano ni kitu kimoja, mteja unamchanganyia anatoka nje juani anakuta kichwa kina rangi mbili, kelele zake utazisikia. Taa ya dari peke yake nayo haifai, inamwekea mtu vivuli chini ya macho. Ila kumbuka umeme ukikatika hivyo vya LED vinabaki vioo vya kawaida, kwahiyo dirisha lipo upande gani ni muhimu, likiwa ubavuni ni zuri, likiwa nyuma ya mteja linampiga machoni kupitia kioo.

Kufunga ni skurubu na ndoano mbili, sio moja, kwenye moja kioo kinazunguka kila mtu akikigusa. Ukuta wa tofali hauna shida, ila kama mwenye fremu ya duka amegawa chumba kwa jipsamu usitundike hapo mpaka fundi apate mbao za ndani, kilo 6 zikimwangukia mteja... sitaki hata kuwaza. Akitaka kuongezea silikoni asiweke ile inayonuka siki, inakula nyuma ya kioo, dukani aulize isiyo na asidi.

Mi Jumamosi nashuka Kariakoo, kama bei haitaeleweka nitazunguka kwa mafundi wa vioo tukachongeshe. Usafiri nitaongea na watu wa basi pale stendi ya Magufuli, visimame kwa ukingo na mablanketi katikati, wakivilaza na mtu akaweka gunia juu hata Chalinze havifiki. Wewe nitumie urefu wa ule ukuta wa ubavuni, kimo mpaka dari, na picha ya mahali soketi zilipo, kabla ya Ijumaa jioni. Baba yako anakusalimia, anauliza jina la saluni umeshaamua au bado.